Somo la Vikundi: Boti Inayovuja Kutoka Juu



Katika masomo kadhaa tumefundishana namna ya kuvuna maji ya mvua: mabati, mifereji, matangi, na yule chura ambaye haachi kuingia tangini. Somo la leo linahusu mvua hiyo hiyo, lakini mahali isipotakiwa hata kidogo, yaani ndani ya boti ya kikundi.

Baadhi ya vikundi vyetu vya pwani, upande wa Lamu na Kipini, na vya ziwani, upande wa Mbita na Homa Bay, vina boti za kebini, zile zenye chumba cha kufunga na paa juu yake. Hubeba abiria, samaki, magunia, wagonjwa, na siku nyingine maiti. Karibu zote ni kuukuu. Nyingine zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, nyingine zilitolewa bure na mtu aliyekwisha kuchoka nazo. Nasi tumejifunza kwamba mtu akikupa boti bure, muulize kwanza ikinyesha inakuwaje.

Malalamiko ya kila masika ni yale yale. Godoro la nahodha limeloa. Unga umeshikana. Majaketi ya kuokolea yamefanya ukungu. Basi kikundi kinakutana, pesa zinatolewa, dawa ya kuziba inanunuliwa, mtu anaingia ndani anapaka pale panapodondoka, na mwezi unaofuata panadondoka mahali pengine. Mwishowe wanachama wanaanza kutiliana shaka: huyu alipewa pesa za dawa, kwani alinunua kweli? Tumeona vikundi viwili vikikaribia kuvunjika kwa sababu ya tone la maji. Kwa hivyo tunalitoa somo hili mapema, ili mpate siku za jua za kufanyia kazi kabla mvua haijaanza.

MVUA NDIYO INAYOOZESHA

Watu wengi huogopa maji ya chini. Ni haki kuyaogopa, kwa maana yakiingia kwa wingi chombo kitazama. Lakini mwulizeni fundi wa mashua aliyezeeka kazini ni mbao zipi huoza kwanza. Hatawaonyesha zile zilizo chini ya bahari. Atawaonyesha za juu: paa, fremu za madirisha, kona za kebini, vichwa vya mataruma pale yanapokutana na sitaha.

Sababu ni hii. Kinachoozesha mbao ni kuvu, nayo ni kitu hai kama uyoga. Inahitaji maji, hewa na joto. Chumvi huizuia, kama vile inavyomzuia samaki wa ng'onda asioze. Na mbao iliyozama majini wakati wote haina hewa ya kutosha. (Kweli, baharini kuna mdudu anayetoboa mbao za chini, huyo ana somo lake siku nyingine.) Lakini mbao iliyonyeshewa maji matamu, ikafunikwa kwa rangi, ikakosa upepo, hiyo kwa kuvu ni karamu. Mbao ikikaa na unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Ikiloa na kubaki imeloa wiki baada ya wiki itaoza, iwe ya mwembe au ya mvule. Ya mvule itachelewa tu.

Ndiyo maana mabaharia wa zamani waliosha sitaha kwa maji ya bahari. Si kwa sababu tu maji ya kisima yalikuwa adimu. Chumvi ilitunza mbao, na unyevu ulizivimbisha zikabanana. Wenzetu wa ziwani hamna bahati hiyo. Maji yenu ni matamu juu na chini, kwa hivyo boti zenu zahitaji macho zaidi.

Halafu kuna uzito. Mvua ya milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Hesabu hii mnaijua kutoka somo la matangi. Sasa boti ya urefu wa mita 8 na upana wa mita 2.5 ina eneo la mita mraba 20 hivi. Ikinyesha milimita 50 usiku mmoja, na masika ya pwani yanaweza kufanya hivyo, zimeanguka lita 1,000. Ni madebe 50 ya lita 20. Ni tani nzima. Kama mitundu ya kutolea maji sitahani iko wazi, maji yanarudi yalikotakiwa kwenda. Kama imezibwa na majani, manyoya ya kuku na magamba ya samaki, maji yatatafuta njia ya kwenda ngama, yaani chini kabisa ya chombo. Pampu ya umeme itayatoa mpaka betri iishe. Hivyo ndivyo boti inavyoweza kuzama ikiwa imefungwa gatini, haina hata tundu moja chini, na watu wote wamelala nyumbani.

KWANZA JUENI NI MAJI GANI

Kabla ya kumtafuta mwizi, hakikisheni kuna wizi. Maji yanayoonekana ndani ya kebini ni ya aina tatu: ya mvua, ya chini, na jasho.

Pwani ni rahisi kutenganisha ya mvua na ya bahari. Tone la darini mnaweza kulionja. Maji ya ngama msiyaonje, maana yana mafuta na uchafu. Yachoteni kidogo kwenye kopo, mtie kipande cha sabuni ya kufulia, mkoroge. Sabuni ya kipande hutoa povu zuri kwenye maji ya mvua. Kwenye maji ya bahari hukataa, hubaki utando mweupe tu. Kina mama wanaofua nguo wanalijua hili tangu zamani. Ziwani jaribio hilo halisaidii. Huko pigeni mstari wa chaki ngama siku isiyo na mvua, mtazame asubuhi kama maji yamepanda.

Jasho ndilo huwadanganya wengi. Watu wanne wakilala ndani, milango imefungwa, pumzi yao inageuka maji kwenye vioo na chini ya paa la bati. Bandikeni kipande cha karatasi ya nailoni kwenye dari kwa utepe wa gundi, pande zote nne zishike. Asubuhi mtazame. Ikiwa nailoni imeloa upande wa chumbani, hilo ni jasho, dawa yake ni kufungua hewa. Ikiwa maji yako nyuma ya nailoni, upande wa dari, basi yanatoka juu, endeleeni na somo.

TONE NA TUNDU SI MAJIRANI

Kikundi kimoja cha mwambao, ambacho tumekubaliana tusikitaje jina, kina boti ya mbao yenye kebini mbele na viti vya abiria nyuma. Tone lilikuwa likianguka juu ya kitanda cha nahodha, karibu na mlango. Miaka mitatu mfululizo walinunua dawa ya kuziba wakapaka dari pale pale. Mwaka wa nne tulikwenda huko pamoja na fundi mmoja mzee. Hakugusa dawa. Aliuliza tu, "Chombo hiki kikiwa kitupu kimelala vipi, omo juu au omo chini?"

Wakamjibu kwamba omo iko juu, maana injini iko nyuma.

"Basi maji yenu yanatembea kuja huku tezi," akasema. "Mimi nitaanza mbele. Mama mwenyekiti, nitaomba ruhusa nibomoe dari yako."

Mama mwenyekiti alisita. Dari ilikuwa imepakwa rangi nzuri kwa ajili ya wageni waliokuja kutazama mradi. Lakini akakubali. Ubao wa tatu ulipotoka, tuliona mstari mweusi kama njia ya siafu, ukianzia karibu mita mbili mbele ya kitanda. Ulianzia kwenye skrubu mbili za reli ya kushikia iliyo juu ya paa. Skrubu zenyewe zilitoka kwa vidole. Maji yaliingia hapo, yakatembea mgongoni mwa dari mpaka penye kiungo, ndipo yakapata nafasi ya kudondoka.

Na dawa ya miaka mitatu? Haikuwa ya bure tu, ilikuwa hasara. Iliziba mahali maji yalipotokea, siyo yalipoingilia. Maji yakabaki yamelala juu ya dari bila kukauka, na boriti moja ya paa ikawa laini kiasi kwamba bisibisi iliingia nusu yake. Kazi ambayo ingekuwa ya asubuhi moja na skrubu mbili ikawa ya wiki mbili na boriti mpya. Mhubiri 10:18 inasema juu ya nyumba inayovuja kwa sababu ya mikono mivivu. Lakini kikundi hiki hakikuwa kivivu hata kidogo. Kilifanya kazi kila mwaka, ila mahali pasipo.

KUWINDA TUNDU

Chagueni siku mbili za jua. Toeni kila kitu ndani: magodoro, masanduku, majaketi ya kuokolea. Kateni umeme kwenye betri. Fungueni mbao za dari na za ukutani, angalau upande unaoshukiwa. Ziandikeni namba kwa chaki nyuma ili mjue kuzirudisha. Hapo watu hulalamika kwamba kazi imekuwa kubwa. Ndiyo, ni kubwa. Lakini kutafuta tundu bila kufungua dari ni kumtibu mgonjwa akiwa amevaa koti.

Kabla ya kumwaga hata kopo moja, tazameni kwa macho. Maji huacha alama: mstari mweusi kwenye mbao, kutu chini ya msumari, chumvi nyeupe, rangi iliyofanya malengelenge. Fuateni alama kwenda juu, na kuelekea ule upande wa boti ulioinuka.

Kausheni kila kitu kwa vitambaa. Mkiwa na chokaa ya unga au unga wa chaki, pakeni kidogo kwenye viungo kwa ndani. Tone la kwanza litachora njia yake. Karatasi ya chooni iliyobandikwa nayo hufaa.

Sasa watu wawili wakae ndani na tochi, mmoja awe nje na ndoo na kopo. Muanzie chini, mpande juu. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Ukimwaga maji juu ya paa yatapita kila mahali, yataingia popote, nawe hutajua ni wapi. Anzeni kiungo cha kebini na sitaha, upande mmoja. Mwageni pole pole kama mvua, kwa dakika 10 kwa saa, bila kurusha kwa nguvu, maana maji ya nguvu huingia hata mahali ambapo mvua haiingii. Kama pakavu, pandeni kwenye madirisha, moja moja. Halafu kona. Halafu ukingo wa paa. Mwisho paa lenyewe na kila kitu kilichofungwa juu yake. Aliye ndani akiona unyevu apige kelele, mwagaji asimame, wote wawili watie alama ya chaki, ndani na nje. Msifurahi mapema mkaenda kunywa chai. Boti kuukuu mara nyingi ina matundu matatu au manne, na lile mliloliona linaweza kuwa dogo kuliko yote.

Mahali maji ya kisima yanauzwa kwa mtungi, tumieni maji ya bahari kwa jaribio hili. Hayaozeshi. Ila kabla ya kutia gundi au rangi suuzeni kwa maji matamu kidogo na mkaushe, kwa sababu chumvi huvuta unyevu.

Kuna uvujaji unaotokea chombo kikiwa safarini tu, kwa vile mbao hujipinda na kiungo kinafunguka kwa wimbi. Gatini mtamwaga mpaka mchoke. Hapo mwiteni mwanachama mzito, mwambieni asimame karibu na kiungo, ahame mguu huu na huu, huku mkimwaga. Kila kikundi kina mtu wa kazi hiyo.

WAPI HASA

Tukiulizwa tuweke dau letu wapi, tutaweka kwenye skrubu na boliti: za reli, za taa, za vyuma vya kufungia kamba, za mguu wa mlingoti, na matundu ya nyaya. Kila kitu kilichotobolewa juu ya paa ni tundu linalosubiri. Mara nyingi mtu alifunga taa miaka kumi iliyopita akasahau kutia chochote chini yake.

Madirisha yanafuata. Raba ikikaa juani miaka mingi huwa ngumu kama ukucha. Lakini kabla ya kununua raba mpya, tazameni chini ya fremu. Fremu nyingi za alumini zina vitundu vidogo vya kutolea maji nje. Vikizibwa na uchafu, maji hujaa kwenye mfereji wa fremu, yakamwagikia ndani. Tumeona dirisha likipona kwa kijiti cha kiberiti.

Kiungo cha kebini na sitaha ni kisumbufu kuliko vyote, na hicho tutakirudia. Mlango wa juu wa paa hauna siri kubwa, mtauona. Sitaha ya mbao nayo huachana jua likikaa sana. Wakati mwingine kuimwagia maji ya bahari asubuhi na jioni kwa siku chache huzirudisha mbao pamoja, bila kutumia hata shilingi.

Wenye boti za faiba wasijione wameokoka. Faiba yenyewe haiozi, lakini sitaha na paa za boti nyingi za namna hiyo ni kama mkate uliotiwa kitu katikati: faiba juu, faiba chini, na kati yake mbao au plaiwudi. Maji yakipita kwenye skrubu moja huenea katikati humo na hayatoki. Gongeni kwa sarafu au kwa mpini wa bisibisi. Pazuri pana sauti kali. Pabovu panajibu kama mtu anayegonga godoro. Mkikanyaga mkaona panabonyea, tundu hilo si la mwaka huu.

KUKAUSHA KUNA KAZI KULIKO KUZIBA

Hakuna dawa ya kuziba, iwe ya bei gani, inayoshika vizuri kwenye mbao iliyoloa. Na ikishika ni mbaya zaidi, kwa sababu mmefungia maji ndani. Ng'oeni kile chuma au fremu. Kwangueni dawa zote za zamani mpaka muone mbao safi. Chomeni kwa ncha ya kisu. Mbao nzima hukataa kisu; iliyooza hukipokea. Iliyooza yote ikatwe, mpaka mfike kwenye ngumu, na zaidi kidogo. Tunajua inauma kukata. Lakini kuvu haikai peke yake, itahamia kwenye kiraka kipya.

Rangi kuukuu inaweza kuwa na madini ya risasi. Kwa hivyo msiipige msasa ikiwa kavu. Ilowesheni, mzibe pua na mdomo, mkusanye mabaki, na watoto wasiwe karibu.

Halafu ngojeni. Fungueni milango na madirisha, upepo upite, usiku mfunike kwa turubai. Siku tatu za jua ni chache, wiki ni bora. Mtu atasema abiria wanasubiri. Na wasubiri.

KUZIBA

Tuchukue ile skrubu ya reli, kwa kuwa ukiijua hiyo umezijua nyingi. Panueni tundu kidogo kwa keekee. Lijazeni kwa epoksi, ile gundi ya makopo mawili yanayochanganywa (vaeni glavu, huwasha ngozi). Ikishakuwa ngumu, toboeni tena katikati yake, tundu dogo. Sasa hata maji yakipita kando ya skrubu yatakutana na epoksi, hayataiona mbao. Pale juu tundu lichongwe lifunguke kidogo kama kikombe, ili dawa ya kuziba ipate mahali pa kukaa kuizunguka skrubu. Tieni dawa ya kutosha chini ya chuma chote, mkikaze mpaka dawa itokeze kando pande zote. Kama ni boliti yenye nati, kazeni nati kutoka ndani, boliti isizunguke, maana ikizunguka inaikata dawa.

Kuhusu dawa yenyewe, silikoni ndiyo inayopatikana kila duka, na ndiyo tunayoipenda kidogo kuliko zote. Rangi haishiki juu yake, na siku mtakapotaka kutia kitu kingine, hakitashika mahali iliposhinda. Ile yenye harufu ya siki hula baadhi ya vyuma pia. Dawa za poliuretani hushika sana, zinafaa kwa viungo msivyotarajia kufungua tena. Kwa dirisha ambalo mnajua mtalitoa tena, tafuteni kitu kinachobaki laini. Lami ni rahisi lakini huyeyuka juani, huchafua nguo za abiria, na rangi ikipakwa juu yake hugeuka kahawia.

Kwa kiungo cha kebini na sitaha ya mbao, mafundi wa pwani tayari wanayo elimu: kalafati. Pamba iliyochovywa mafuta inasukumwa ndani ya ufa kwa tindo na nyundo, kisha inafunikwa. Mwacheni fundi aifanye, kwani ikipigwa kwa nguvu mno huufungua ufa badala ya kuuziba. Juu ya kiungo hicho hufaa kupigilia upapi wa pembe tatu uliolazwa kwenye dawa, ili maji yasikae kwenye kona bali yateleze.

Na msipake kutoka ndani. Tunasema tena. Kuna mwanakikundi aliyetukumbusha Mwanzo 6:14, ambapo Nuhu aliagizwa apake lami ndani na nje. Ni kweli. Lakini Nuhu alikuwa na mbao mpya.

PAA LILILOPASUKA KOTE

Ikiwa paa la mbao lina nyufa ndogo kila mahali, acheni kufukuza moja moja. Njia ya zamani, isiyo ghali, ni kulivalisha nguo. Kwangueni, kausheni, jazeni mashimo. Pakeni rangi nzito ya mafuta, na ikingali mbichi tandazeni juu yake turubai la pamba au marekani nzito, mkiivuta isibaki kunjo. Kingo zigeuzwe chini na kushikwa kwa misumari ya shaba, zifunikwe kwa upapi. Kisha pakeni rangi mara kadhaa, nyembamba nyembamba. Rangi nene hupasuka. Vyuma vyote vitolewe kwanza na kurudishwa juu ya nguo. Kuikata nguo kuvizunguka ni kutengeneza matundu mapya.

Wengine huja na shauri la kuvika faiba juu ya mbao kuukuu. Juu ya plaiwudi kavu isiyocheza, sawa. Juu ya mbao zilizoungwa, zinazovimba na kusinyaa, faiba itapasuka mwaka wa pili, maji yataingia chini yake, na hamtayaona mpaka paa lizame.

WAKATI MNANGOJA PESA

Turubai moja linaokoa boti. Fungeni mti mrefu katikati kama mgongo wa nyumba, turubai liteleze pande zote mbili na lipite ukingo wa boti. Acheni mbele na nyuma wazi ili upepo upite. Kufunika chombo kama maiti ni kukiozesha.

Mitundu ya sitaha isafishwe kila wiki. Siku kavu madirisha yafunguliwe. Majaketi ya kuokolea yaanikwe na yatundikwe, yasilazwe sakafuni mwa kebini. Jaketi lililooza mikanda ni hatari kuliko kukosa jaketi, maana mtu analiamini.

Na kikundi kiwe na daftari la mvua. Mtu mmoja, kwa zamu ya mwezi, aende botini kila baada ya mvua kubwa na kuandika: tarehe, upepo ulitoka wapi, pamedondoka wapi, maji ya ngama yalikuwa vidole vingapi. Mkikuta tone linakuja kwa upepo wa kusi tu, mmeshajua upande wa kuanzia. Daftari hilo pia linamaliza yale maneno ya nani alikula pesa za dawa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika boti yetu, ni lini mara ya mwisho dari ilifunguliwa? Nani alikuwapo?

2. Mara ya mwisho tuliponunua dawa ya kuziba, tulijua maji yanaingilia wapi, au tulijua yanapodondokea tu?

3. Boti ikiwa gatini usiku wa mvua, nani ana jukumu la kwenda kuitazama? Je, anayo njia ya kufika? Ana ufunguo?

4. Hesabuni: boti yetu ni mita ngapi kwa ngapi? Ikinyesha milimita 30 ni madebe mangapi? Pampu yetu, au mikono yetu, inaweza kuyatoa kwa muda gani?

Wenye boti mbili au zaidi wajibu kwa kila moja peke yake. Majibu ya swali la nne tuleteeni ofisini kabla ya masika, tungependa kuyaona.